Majina ya Sayari Ndogo: Kutoka Ceres hadi Pemba

Kiswahili kilirithi kutoka katika elimu ya falaki ya Waarabu majina ya sayari tano zinazoonekana kwa macho matupu, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na msomaji wa Mombasa au Unguja anayezitaja leo hutumia maneno yasiyo na mtoaji anayejulikana wala tarehe ya kutolewa. Asteroidi, ambazo huitwa pia sayari ndogo, hazina urithi wa namna hiyo. Hizi ni mawe yanayolizunguka jua, mengi yao katika ukanda mpana ulioko kati ya Mirihi na Mshtarii, na karibu zote hazionekani bila darubini, isipokuwa Vesta, ambayo jicho kali huweza kuidiriki kwa shida katika usiku wa giza totoro. Kwa hiyo kila jina la asteroidi lina mtu aliyelitoa, mwaka wa kutolewa na, mara nyingi, sababu iliyowekwa katika maandishi. Na ukiyafuatilia majina hayo tangu la kwanza, unachokisoma zaidi ni habari za waliokuwa na darubini, za mahali walipokaa, za wafadhili waliowategemea na za vitabu na ramani zilizokuwa mezani mwao.

Asteroidi ya kwanza iligunduliwa usiku wa tarehe 1 Januari 1801 mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, na padri Giuseppe Piazzi, aliyekuwa akitayarisha orodha ya nyota kwa kutumia kituo cha kuangalia anga kilichojengwa juu ya kasri la mfalme. Piazzi aliona nukta ndogo ya nuru iliyohama kidogo kila usiku miongoni mwa nyota zilizotulia, akaifuatilia hadi Februari alipougua, na baada ya hapo ikapotelea katika mwanga wa jua. Ilipatikana tena mwishoni mwa mwaka huohuo kwa sababu tu kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, alibuni njia ya kukokotoa mzingo wake, yaani njia ambayo kiolwa cha angani hufuata katika kulizunguka jua, kutokana na vipimo vichache vilivyokuwepo. Piazzi alikiita kiolwa chake Ceres Ferdinandea. Ceres ni mungu wa kike wa Warumi wa kale aliyehusishwa na nafaka, na Sicilia ilihesabiwa kuwa makao yake, kwa kuwa kisiwa hicho kilikuwa ghala la ngano la Roma. Ferdinandea lilikuwa heshima kwa mfalme Ferdinand, mtawala wa Napoli na Sicilia, ambaye hazina yake ndiyo iliyogharimia darubini ya Piazzi.

Nusu moja ya jina hilo ilidumu na nusu nyingine ikafa upesi. Wanaastronomia wa nchi nyingine hawakuona sababu ya kumtukuza mfalme asiyekuwa wao, kama vile miaka 20 hivi kabla ya hapo walivyokataa pendekezo la William Herschel la kuiita sayari aliyoigundua mwaka 1781 kwa jina la mfalme George wa Uingereza, sayari ambayo sasa inajulikana kwa wote kuwa Uranus. Piazzi bila shaka aliifahamu kesi hiyo, na ni vigumu kuamini kwamba alitarajia Wafaransa na Wajerumani wampokee Ferdinand walipokuwa wamemkataa George. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa akilipa deni la shukrani kwa aliyempa kazi, naye hakuhitaji kwa hilo idhini ya Paris wala Berlin. Hata hivyo mabishano hayo mawili yaliacha kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini ilitiiwa kwa karibu nusu karne, kwamba jina la kiolwa cha angani litoke katika hekaya za kale za Wagiriki na Warumi, ambazo hazikuwa mali ya taifa lolote lililo hai.

Kwa kanuni hiyo zikaja Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807, zote zikiwa na majina ya miungu wa kike. Jina la Vesta lilichaguliwa na Gauss, kwa kuwa Heinrich Olbers, daktari wa Bremen aliyeigundua, alimwachia heshima hiyo kama malipo ya hesabu zake, na kwa tendo hilo utaratibu ukapata sura yake ya kwanza: haki ya kutoa jina ni ya mgunduzi, naye anaweza kumpa mwingine. Neno asteroidi lenyewe lilitokea katika miaka hiyo, likiwa na asili ya Kigiriki na maana ya kinachofanana na nyota, nalo lilitangazwa na Herschel mwaka 1802 kwa hoja kwamba vitu hivyo vilikuwa vidogo mno kuitwa sayari kamili. Majina hayo yalivuka hata mipaka ya anga, kwa kuwa wanakemia waliokuwa wakitenga elementi mpya wakati huohuo walizipa mbili kati yake majina ya seriamu na paladiamu kutokana na Ceres na Pallas.

Baada ya Vesta kulikuwa na ukimya wa miaka 38, uliovunjwa mwaka 1845 na Karl Hencke, mtumishi wa posta mstaafu wa Prussia aliyechora ramani zake mwenyewe za nyota kwa subira ya miaka mingi na hatimaye akaipata Astraea. Kuanzia hapo ugunduzi ulikwenda mfululizo, na kanuni ya hekaya ikaanza kubanwa. Mwaka 1850 John Russell Hind wa London aliiita asteroidi ya 12 Victoria, akieleza kwamba Victoria ni mungu wa kike wa ushindi wa Warumi, jambo ambalo ni kweli, ingawa hakuna aliyeshindwa kuona kwamba malkia wa Uingereza wakati huo alikuwa na jina hilohilo. Baadhi ya wanaastronomia wa Marekani walikataa na kwa muda wakatumia jina la Clio, lakini hoja ya Hind ilikuwa imejengwa kwa ustadi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuibomoa bila kumkana mungu wa Warumi, na Victoria ikabaki. Mwaka 1852 zilifuata Massalia, jina la kale la mji wa Marseille, na Lutetia, jina la Kilatini la Paris, ambayo iligunduliwa na mchoraji wa picha Hermann Goldschmidt kutoka nyumbani kwake juu ya mkahawa mmoja wa jiji hilo. Ni Goldschmidt huyohuyo aliyeigundua asteroidi ya 45 mwaka 1857, nayo ikapewa jina la Eugenia, mke wa Napoleon wa Tatu, bila kujificha nyuma ya mungu yeyote. Ferdinand alikuwa amekataliwa mwaka 1801, na miaka 56 baadaye malkia aliye hai akapita mlangoni pasipo ghasia kubwa, labda kwa sababu asteroidi zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi na thamani ya kila moja imeshuka.

Wingi huo ndio uliozaa namba. Mwanzoni kila asteroidi ilikuwa na alama yake ya kuchorwa, kwa mfano mundu kwa Ceres, lakini katika miaka ya 1850 alama hizo zilikuwa zimekuwa ngumu kuchora na ngumu zaidi kukumbuka, hivyo zikaachwa na badala yake ikatumika namba ya mfuatano, ambayo hadi leo hutangulia jina. Desturi nyingine ya wakati huo ilikuwa kwamba jina liwe na umbo la kike, na hata wanaume walipoheshimiwa, majina yao yalivikwa kiishio cha Kilatini cha -a au -ia, kama ilivyokuwa kwa Alexandra ya mwaka 1858, ambayo ni heshima kwa msafiri na mwanasayansi Alexander von Humboldt. Jina la kwanza la kiume lililoachwa katika umbo lake lilikuwa Eros, la asteroidi iliyogunduliwa mwaka 1898 ambayo mzingo wake haukufanana na wa nyingine zote, kwa kuwa huingia ndani ya mzingo wa Mirihi na kukaribia dunia. Upekee wa njia yake ulitoa ruhusa ya upekee wa jina.

Mara moja angalau jina liliuzwa waziwazi. Johann Palisa wa Vienna, ambaye aligundua asteroidi 122 kwa kutazama kwa jicho tu kupitia darubini, alitangaza mwaka 1885 kwamba angetoa kwa pauni 50 haki ya kuipa jina mojawapo ya asteroidi zake, kwa nia ya kugharimia safari ya kwenda kuangalia kupatwa kwa jua kwa mwaka uliofuata, na ndipo tajiri wa benki Albert von Rothschild akainunua haki hiyo na kuiita asteroidi ya 250 Bettina, jina la mkewe. Biashara hiyo haikuendelea, lakini shukrani kwa wafadhili iliendelea kwa njia ya heshima zaidi. Max Wolf wa Heidelberg, aliyekuwa wa kwanza kugundua asteroidi kwa picha, mwezi Desemba 1891, aliiita Brucia kwa ajili ya Catherine Wolfe Bruce, mwanamke wa Marekani aliyechangia dola 10,000 za darubini yake. Na Palisa mwenyewe, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliiita moja Hooveria kwa kumshukuru Herbert Hoover, aliyesimamia misaada ya chakula kwa watu wa Austria waliokuwa na njaa, miaka kadhaa kabla Hoover hajawa rais.

Upigaji picha uligeuza kazi nzima. Bamba la kioo lililofunikwa dawa ya picha liliachwa wazi kwa saa nyingi huku darubini ikifuata mwendo wa nyota, na kila asteroidi iliyopita ilijiandika yenyewe kama mstari mfupi, kiasi kwamba Wolf peke yake alipata zaidi ya 200. Mgunduzi mwenye mawe mengi kuliko miungu aliyoijua hutumia chochote kilicho karibu: majina ya wake, mabinti na marafiki wa Wajerumani wa kizazi hicho yamejaa katika orodha, baadhi yakiwa hayana tena anayejua yalimhusu nani, na mbwa wawili wa Wolf wanakumbukwa kwa Petrina na Seppina. Hata mchezo ulipata nafasi. Gustav Stracke, mkokotoaji wa mizingo wa Berlin, aliomba asiheshimiwe kwa asteroidi, na wenzake wakaitii kauli yake kwa ujanja, kwa kuwa asteroidi nane za mfululizo, kuanzia namba 1227 hadi 1234, zilipewa majina ya mimea, Geranium, Scabiosa, Tilia, Riceia, Auricula, Cortusa, Kobresia na Elyna, ambayo herufi zake za kwanza zikiunganishwa husomeka G. Stracke.

Katika kipindi hichohicho majina ya Afrika yaliingia angani, nayo yaliingia kupitia mlango mmoja. Kituo cha Johannesburg, kilichoanzishwa mwaka 1903 kwa ajili ya hali ya hewa na baadaye kikageuzwa kuwa cha astronomia, kilikuwa na faida ya kuiona anga ya kusini ambayo darubini za Ulaya hazikuifikia, na mwaka 1911 Harry Edwin Wood aliigundua huko asteroidi ya 715, akaiita Transvaalia. Aliyeifanya kazi hiyo kwa wingi zaidi ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Yorkshire nchini Uingereza aliyehamia Afrika Kusini akiwa mtoto, ambaye anahesabiwa kugundua asteroidi 72. Orodha yake ya miaka ya 1930 inasomeka kama safari ya mtu anayepitisha kidole juu ya ramani kutoka kusini kwenda kaskazini: Africa, Rhodesia, Zambesia, Limpopo, Sofala, Beira, kisha Kenya na Uganda zilizogunduliwa mwaka 1933, Nyanza, Kampala na Tana za mwaka 1935, na katika mwaka mmoja wa 1937 Ruvuma, Mombasa, Pemba na Somalia, ambazo zina namba za kufuatana kuanzia 1427 hadi 1430. Tanga, aliyoigundua pamoja na Wood mwaka 1930, ina namba 1595, na katika hali hiyo inayoonekana kuwa kinyume, ambapo ya zamani ina namba kubwa kuliko ya baadaye, kuna somo la utaratibu wenyewe, kwa kuwa namba haitolewi siku ya ugunduzi bali siku mzingo unapojulikana kwa uhakika wa kutosha kiasi kwamba kiolwa hakiwezi kupotea tena, na wakati mwingine uhakika huo huchukua miaka.

Jambo moja katika orodha hiyo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Wolf alipotaka kuuheshimu mji wa Hamburg alilazimika kuuita Hamburga, na Bruce na Hoover, kama ilivyoonekana, walivikwa viishio visivyokuwa vyao. Lakini Mombasa, Pemba, Tanga, Ruvuma, Tana, Nyanza, Kenya, Uganda na Kampala yanaishia kwa irabu ileile iliyotakiwa na desturi ya Kilatini, yakaingia katika orodha kama yalivyo, bila kuguswa. Iwe Jackson aliyachagua kwa sababu hiyo au kwa sababu tu yalikuwa mbele yake katika ramani, matokeo ni kwamba majina ya pwani na bara la Afrika Mashariki yamehifadhiwa angani kwa usahihi kuliko ya miji mingi ya Ulaya. Usahihi huo, hata hivyo, ni wa ramani ya wakati wake. Ruanda, namba 1638, inaendelea kuandikwa kwa tahajia ya enzi za Wabelgiji. Rhodesia imebaki Rhodesia ingawa nchi iliyoitwa hivyo imekuwa Zimbabwe tangu mwaka 1980. Na Chaka, mfalme wa Wazulu, na Khama, mtawala wa Wabamangwato, ni miongoni mwa Waafrika wachache waliokumbukwa kama watu, katikati ya mito, bandari na majimbo mengi. Mtu wa Chake Chake aliyekuwa akichuma karafuu mwaka 1937, chini ya Sultani wa Zanzibar na ulinzi wa Waingereza, hakuwa na njia ya kujua kwamba kisiwa chake kilikuwa na wajina wake kati ya Mirihi na Mshtarii.

Kanuni zilizoandikwa zilikuja taratibu. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulianzishwa mwaka 1919, lakini kazi ya kukusanya vipimo na kuthibitisha namba ilikabidhiwa kwa Kituo cha Sayari Ndogo mwaka 1947, kwanza mjini Cincinnati na tangu mwaka 1978 mjini Cambridge, Massachusetts. Siku hizi kiolwa kipya hupewa kwanza alama ya muda, ambayo mfumo wake unatokana na mwaka 1925: mwaka wa ugunduzi, herufi inayoonyesha nusu ya mwezi, na herufi ya pili inayoonyesha nafasi yake katika nusu mwezi hiyo, bila kutumia herufi I katika sehemu zote mbili. Tanga iliitwa 1930 ME, kwa maana kwamba ilikuwa ya tano kuandikishwa katika nusu ya pili ya Juni mwaka huo, na alama 2004 MN4, iliyotolewa katika nusu mwezi hiyohiyo miaka 74 baadaye, inaonyesha kwamba herufi zilikuwa zimezungushwa mara nne nzima na kiolwa hicho kilikuwa cha 113. Mzingo ukithibitika hutolewa namba, na kuanzia hapo mgunduzi ana miaka kumi ya kupendekeza jina pamoja na maelezo mafupi ya sababu yake, ambayo husomwa na kupigiwa kura na jopo maalumu la Umoja huo.

Masharti ya jopo hilo yanaeleweka vizuri zaidi yakisomwa kama kumbukumbu za ugomvi wa zamani. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisiudhi na lisifanane mno na jingine. Lisiwe la bidhaa wala kampuni. Mwanasiasa au mwanajeshi asitajwe kabla ya kupita miaka 100 tangu kifo chake, sharti ambalo Ferdinand, Victoria, Eugenia na Hoover wote wasingelipita. Majina ya wanyama wa nyumbani hayapendelewi, baada ya asteroidi ya 2309 kupewa jina la Mr. Spock, paka wa mgunduzi wake, na kuzua malalamiko. Hakuna jina linalouzwa, na wanaotoza fedha kwa kuahidi kwamba nyota au sayari ndogo itaitwa kwa jina la mteja hawana mamlaka yoyote yanayotambuliwa na wanaastronomia. Makundi mengine yana kanuni zake: asteroidi zinazotangulia na kufuata Mshtarii katika mzingo wake kwa desturi hupewa majina ya mashujaa wa vita vya Troya, kambi ya Wagiriki upande mmoja na ya Watroya upande mwingine, ingawa Patroclus Mgiriki amekwama miongoni mwa Watroya na Hektor wa Troya miongoni mwa Wagiriki, kwa kuwa walipewa majina kabla mgawanyo huo haujakubaliwa.

Zinazokaribia dunia hupewa majina ya hekaya za mataifa yote, na hapo Afrika imerudi kwa njia nyingine. Ile 2004 MN4 sasa ni Apophis, joka la giza la Misri ya kale lililopambana na mungu wa jua kila usiku, nalo ni jina linalolingana na hofu ya mwanzo kwamba ingeigonga dunia, hofu iliyokwisha kuondolewa na vipimo vya baadaye. Tarehe 13 Aprili 2029 itapita umbali wa kilomita zipatazo 32,000 kutoka uso wa dunia na itaonekana kwa macho matupu kutoka sehemu za Afrika na Ulaya. Bennu, ndege mtakatifu wa Wamisri, ni jina lililopendekezwa na mtoto wa miaka tisa nchini Marekani katika shindano ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013, na vumbi la asteroidi hiyo lilifikishwa duniani na chombo cha anga mwezi Septemba 2023. Walioyatoa majina hayo mawili waliyapata vitabuni au katika filamu, na mitambo inayogundua asteroidi kwa wingi leo, iliyoko Arizona, Hawaii na Chile, haina anayeketi kuiangalia kila nukta, ndiyo maana kati ya asteroidi mamia ya maelfu zilizopewa namba, zenye majina ni takriban 25,000 tu.

Lakini mwaka 2023 jambo tofauti kidogo lilitokea. Chombo cha Marekani kiitwacho Lucy, kilichopewa jina la mifupa ya kale iliyofukuliwa Hadar nchini Ethiopia mwaka 1974, ya spishi ambayo kielelezo chake rasmi ni taya lililopatikana Laetoli nchini Tanzania, kilipangiwa kupita karibu na asteroidi ndogo iliyokuwa na namba 152830 tu, nayo ikapewa jina la Dinkinesh, ambalo Waethiopia huiita mifupa hiyo kwa Kiamhari. Chombo kilipopita tarehe 1 Novemba, picha zilionyesha kwamba Dinkinesh ina mwezi wake mdogo, na mwezi huo ukaitwa Selam, kwa jina la mifupa ya mtoto wa spishi hiyohiyo iliyopatikana Dikika mwaka 2000 na kikosi kilichoongozwa na Zeresenay Alemseged, mwanasayansi wa Ethiopia.